Tusipewe wastani wa mwaka, tupewe maji ya Novemba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Najua mnapenda barua fupi, na mkinipunguza sitanuna, ila tafadhali msiikate hesabu ya ndoo. Kwa ajili ya hesabu hiyo ndiyo nimekaa chini kuandika.

Kwa miezi kadhaa sasa gazeti lako limekuwa likiandika juu ya uchumi wa kijani hapa Nyanda za Juu Kusini: madini ya kutengenezea magari ya umeme, jotoardhi ya Ngozi, umeme wa maji, mashamba ya miti ya kunyonya hewa chafu. Nasoma yote, mpaka matangazo ya zabuni. Kila makala inataja megawati, tani, ajira na mabilioni. Sijaona hata moja iliyotaja maji yatakayotumika yatatoka mto gani, na katika mwezi gani wa mwaka.

Mimi sikusomea mazingira. Nilikuwa msoma kipimo cha mto huku Usangu, Wilaya ya Mbarali, kwa miaka 27. Kwa asiyeijua kazi hiyo: ukingoni mwa mto huchimbiwa mbao au vyuma vyenye namba kama rula ya shule, vikishuka ngazi kwa ngazi mpaka ndani ya maji. Mtu wa jirani hupewa posho ndogo aende asubuhi na jioni, asome maji yamegusa namba ngapi, aandike daftarini, na mwisho wa mwezi karatasi ziende ofisini. Iwe Pasaka, iwe msiba, iwe malaria, rula lazima isomwe. Mke wangu alikuwa akiwaambia wenzake kwamba ameolewa na mtu mwenye wake wawili, na yule wa pili ana matope. Mara chache kwa mwaka walikuja watu wa ofisi na kifaa chenye propela, wakavuka mto kwa kamba na kupima mwendo wa maji, ndipo zile namba zangu za rula zikageuzwa kuwa kiasi, yaani mita za ujazo kwa sekunde.

Kituo changu kilikuwa chini ya mabanio, yale malango ya kuingiza maji ya mto kwenye mifereji ya mashamba. Maana yake, maji yaliyonifikia mimi yalikuwa yale yaliyobaki baada ya mifereji kuchukua yake. Machi niliweza kukuta mto umepanda rula tatu, unavuta magogo na mizoga ya mbuzi. Novemba, kabla mvua hazijashika, rula ya chini kabisa ilikuwa nje, imekauka, na mijusi wanaota jua juu ya namba. Siku kama hizo niliandika sifuri. Mwaka mmoja mkubwa wangu wa kazi alinirudishia karatasi akidhani nimevivia, kwa sababu niliandika sifuri siku 19 mfululizo. Akaja mwenyewe. Akashuka mpaka katikati ya mto na viatu vyake vya ngozi, akageuka huku na huku, akasema, "Mzee, nisamehe." Viatu havikulowa. (Wala sikuwa mzee wakati huo, lakini mtu akikosea huwa anakuongezea umri.)

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya niandike. Mwaka juzi nilikuwa kwa binti yangu upande wa Chunya, nikakuta kijiji kimeitiwa mkutano. Ilikuja kampuni moja ya kuchenjua marudio, yaani lile vumbi la mawe lililokwisha kusagwa na wachimbaji wadogo kwenye makarasha, ambalo bado lina dhahabu kidogo ndani. Jina la kampuni silitaji. Walikuja na projekta na jenereta, na soda kwa kila mtu. Msemaji wao alikuwa binti mpole, mwenye adabu, aliyesoma. Alitueleza kwamba mtambo wao ni wa kijani, utaendeshwa kwa umeme wa jua, hautatoa moshi. Kisha akaweka picha ukutani yenye duara la rangi na kipande chembamba kama kucha: maji watakayotumia hayafiki asilimia 3 ya maji ya mto.

Watu wakapiga makofi. Mimi nikanyoosha mkono.

"Shikamoo mzee wangu," akasema.

"Marahaba binti yangu. Hiyo asilimia ni ya mwezi gani?"

Akatazama ukuta. "Ni wastani wa mwaka, mzee."

"Na Novemba je?"

Akanyamaza kidogo, akasema kwa unyoofu ambao mpaka leo namheshimu: "Mzee, Novemba hatukuihesabu peke yake."

Mwenyekiti akasema swali la mzee limepokelewa, tuendelee. Tukaendelea. Mtambo ulijengwa. Siwezi kusema ndio uliokausha kisima cha jirani wa binti yangu, kwa sababu hakuna aliyekuwa akikipima kabla yake, na mtu wa rula hasemi asichokisoma. Ninachojua ni kwamba kile kisima kilikuwa na maji, na kiangazi kilichofuata yule mama alikuwa akinunua maji ya ndoo kwa bodaboda.

Hesabu yenyewe ni hii, Mhariri, na ni ya mfano tu. Tuseme kuna mto mdogo ambao, ukijumlisha mwaka mzima na kugawanya, hupitisha lita 2,000 kwa sekunde. Kinakuja kiwanda kinachotaka lita 50 kwa sekunde. Ndoo yetu ya kawaida ni lita 20, kwa hiyo hizo ni ndoo mbili na nusu kila sekunde. Siku moja ina sekunde 86,400. Zidisha, utapata ndoo 216,000 kwa siku. Bado, ukilinganisha na wastani, ni asilimia 2.5 tu, kile kipande chembamba cha kwenye picha. Lakini mto huohuo Novemba unapitisha lita 200 kwa sekunde. Hapo lita 50 ni robo ya mto. Na kama mifereji ya juu ina vibali vya lita 150, basi kiwanda kimechukua zilizobaki zote, na msoma kipimo wa chini anaandika sifuri. Kiwanda hakijaiba, wala mtaalamu hakusema uongo. Kila karatasi ina mhuri. Na mto haupo.

Mtu akila ubwabwa wa harusi mpaka akashindwa kuinuka, halafu akalala njaa wiki mbili, kwa wastani amekula vizuri. Jaribu kumwambia hivyo siku ya kumi na tatu.

Na huo umeme wa jua nao niuseme, kwa sababu watu wengi wanadhani ukishaweka paneli umemaliza habari ya mazingira. Pampu ya dizeli ilikuwa na kitu kimoja kizuri: dizeli inauzwa. Mwenye pampu alisikia bei, akazima mchana, akafikiri. Ya sola haimkumbushi kitu. Jua likichomoza inavuta, na kiangazi, ambapo mto uko taabani, ndipo jua linapokuwa kali zaidi. Huku kwetu hata wakulima wa vitunguu wameanza kuzinunua, na mimi ni mmoja wa waliomshauri mwanangu anunue. Kwa hiyo sizikatai. Nasema tu kwamba ukijani wa mtambo unatazamwa kwenye umeme wake na kwenye moshi wake. Chini kwenye bomba la maji hakuna anayetazama rangi.

Wapo watakaosema huyu mzee wa Usangu anataka kutetea majaruba. Watasema, ninyi watu wa mpunga ndio mliokausha Mto Ruaha Mkuu. Nakubali sehemu. Hatukuwa malaika. Nimeona kwa macho yangu mtu ameshavuna mpunga, na Agosti bado anaacha maji yaingie kwenye jaruba lenye mabua matupu, kwa kuogopa kwamba akifunga banio mwenzake atazoea. Nimeona mifereji inayovuja mpaka bata wanaishi humo. Hayo ni yetu.

Lakini nimeishi muda wa kutosha kuona jinsi lawama za maji zinavyoteremka mto na kupanda mto kutegemea nani ana sauti. Ruaha Mkuu, unapopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ulikauka mwaka 1993, na tangu hapo kukauka kiangazi kumekuwa desturi yake. Niliwahi kupelekwa Msembe, humo hifadhini, na wenzangu wa kazi mwezi wa kumi na moja. Tulikuta viboko wamejazana kwenye dimbwi moja la tope, wamebanana kama abiria wa daladala la Mwanjelwa, na mmoja aliyekosa nafasi amesimama juani, ngozi inapasuka. Mwaka 2001, akiwa London, Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ifikapo 2010 mto ungetiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 ukaja mgao wa umeme, vidole vikaelekezwa kwetu. Wafugaji wa Ihefu, kinamasi cha hapa Usangu, wakaanza kuondolewa mwaka huo, zoezi likaendelea mpaka 2007, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ikawa na zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Jirani yangu mmoja, mfugaji, aliniachia plau na masufuria mawili makubwa ya shughuli, akaelekea Lindi na ng'ombe wake. Masufuria bado ninayo. Tunayatumia kwenye misiba.

Sasa sikiliza jinsi mto wenyewe unavyofanya kazi. Mito yetu, Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mingine, hushuka kutoka milimani, ikatawanyika kwenye tambarare ya Usangu, ikaingia kwenye kinamasi cha Ihefu. Ihefu ina mlango mmoja wa kutokea kwenda Ruaha Mkuu wa hifadhini, Ng'iriama, na pale mlangoni pana mwamba. Maji ya kinamasi yakishuka chini ya kimo cha ule mwamba, hayatoki hata tone, ingawa ndani bado yapo. Ndiyo maana kiangazi mto wa hifadhini unakufa ghafla, kama mtu amefunga koki. Hilo ni janga la viboko, la samaki na la watu wa chini, na linahitaji dawa.

Ila Mtera ni habari nyingine. Bwawa la Mtera, la umeme, lililo chini zaidi kwenye Ruaha Mkuu, hujazwa na mafuriko ya masika, siyo na vijito vya Oktoba. Hata tungefunga mabanio yote ya Usangu kiangazi, maji yale ni kidogo mno kulijaza bwawa linalolisha megawati 80 za Mtera na, chini yake, megawati 204 za Kidatu. Tena Mtera hupokea pia Ruaha Mdogo, unaotoka Mufindi na kupita Iringa mjini, na Kisigo kutoka upande mwingine. Wataalamu walioyachunguza mabonde haya walilisema hilo, na wakaongeza kwamba namna maji yanavyofunguliwa bwawani ina sehemu yake katika upungufu wa umeme. Kwa hiyo mfugaji aliyeambiwa anazima taa za Dar es Salaam alibebeshwa mzigo ambao, kwa sehemu kubwa, haukuwa wake. Umeme ulikuwa na msemaji. Plau halikuwa naye.

Leo tuna Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, mitambo 9, megawati 2,115, na nyumbani kwangu friji sasa inagandisha barafu ya kuuza. Nashukuru kwa dhati. Katika maji ya Rufiji, Ruaha Mkuu huchangia takriban asilimia 15, na sehemu kubwa zaidi hutoka Kilombero. Najua siku mvua zitakapogoma, macho yatarudi kwetu juu, na safari hii kutakuwa na viwanda vingi zaidi vyenye vibali pembeni ya majaruba yetu. Ndiyo maana nataka namba ziwekwe wazi mapema.

Tuyatazame hayo madini mkakati. Mwaka 2023 Serikali ilitoa leseni ya mradi wa Ngualla, kule Ngwala, Wilaya ya Songwe, na yenyewe ina hisa asilimia 16. Pana neodimiamu na praseodimiamu, yanayotengeneza sumaku za mota za magari ya umeme na za mitambo ya upepo. Mimi sijafika mgodini na sina baya la kusema juu yao. Nauliza kazi tu. Mawe ya namna hiyo husagwa yakawa unga, unga ukachanganywa na maji mengi na dawa, madini yakatenganishwa, na kinachobaki kikamwagwa bwawani kama uji wa tope. Maji mengine huchotwa tena juu ya tope na kurudishwa mtamboni. Mengine hubaki yamenaswa ndani ya uji, mengine hupaa na jua. Yanayopotea lazima yajazwe upya kila siku, kiangazi na masika, kwa sababu mtambo hausubiri mvua. Upande ule mito huelekea Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kulitoa. Kinachoingia humo hakina pa kwenda.

Kule Mahenge, Wilaya ya Ulanga, kuna kinywe, yaani grafiti, ambayo huingia kwenye betri. Nayo huoshwa kwa maji. Kwa hiyo Mzungu au Mchina atakayeendesha gari lisilo na moshi mjini kwake atakuwa na ndoo kadhaa za Songwe na Ulanga chini ya kiti. Hakuna ubaya, biashara ni biashara, mradi ndoo ziwe zimehesabiwa na mwenye kisima.

Jotoardhi sina neno nalo, mvuke unaweza kurudishwa ardhini na wataalamu wetu wanajua. Miti ninayo maneno machache. Nguzo za umeme zinazopelekwa vijijini nchi nzima nyingi hutoka Iringa na Njombe, nazo ni milingoti, yaani mikaratusi. Mlingoti ukiupanda mlimani pakavu ni mali. Ukiupanda kwenye chemchemi ni pampu isiyozimwa usiku. Na watu wameupanda kwenye chemchemi, kwa sababu pale ndipo unapokua haraka. Nguzo inasimama mbele ya nyumba, taa inawaka, na mama mwenye nyumba anatembea mbali kidogo zaidi na ndoo kuliko mwaka jana.

Halafu kuna jambo ambalo linanichoma kuliko yote. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ni sheria nzuri. Kwa sheria hiyo wakulima wa vinyungu wa Iringa, Kilolo, Mufindi na Njombe wamefukuzwa mabondeni, wale wanaolima mahindi mabichi na maharage kiangazi ili watoto wapate daftari Januari. Nimeona bibi anang'olewa mahindi yaliyofika magotini. Lakini bomba la kiwanda haliishii mita 60. Linaingia mtoni lenyewe, lina chujio mdomoni na kibali mkononi. Najua sheria inaruhusu, najua kuna ada inalipwa kwa bodi ya bonde, ile inayotoa vibali vya maji, na bodi inahitaji hiyo ada. Nasema tu jinsi inavyoonekana ukiwa umesimama ng'ambo ya pili na jembe.

Na msiniambie kwamba maji ya kuacha hayapatikani umeme ukishayataka. Kihansi tuliyaacha. Wasomaji vijana huenda hawajui: pale kwenye mteremko wa Mufindi kuelekea Kilombero kuna mtambo wa megawati 180. Wataalamu wa mazingira walipokwenda kukagua, mwaka 1996, wakakuta chura mdogo wa njano, hata nchi mbili hafiki, hatagi mayai bali huzaa vitoto, na hapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye manyunyu ya maporomoko yale. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, zaidi ya asilimia 90 ya maji ya korongo yakaondoka, manyunyu yakakoma. Vyura wakaanza kufa, na baadaye ugonjwa wa kuvu nao ukawamaliza. Mwaka 2000 walibebwa karibu 500 kwa ndege mpaka New York. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza, kama ya bustani ya bwanyenye, na maji yakaachwa yapite kwa ajili yao. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini. Mwishoni mwa 2012 wakaanza kurudishwa nyumbani.

Siku hiyo nilicheka peke yangu nikisoma habari, mke wangu akaniuliza nina nini. Sikucheka kwa dharau, namtakia yule chura maisha marefu. Nilicheka kwa sababu kwa miaka mingi tulikuwa tumeambiwa mtambo hauwezi kuacha maji, maana kila lita ni umeme na umeme ni taifa. Kumbe inawezekana. Walikaa mezani, wakapima, wakaandika kwenye kibali kiasi kitakachobaki mtoni. Chura alikuwa na watetezi wenye ndege. Yule mama wa kisima cha Chunya hajapata hata kikao.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka mpangilio vizuri: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili maji ya mazingira, mto ubaki mto, kisha ndiyo shughuli za uchumi kadiri yatakavyobaki. Siombi sheria mpya. Ninachoomba kwa bodi za mabonde, ya Rufiji pale Iringa na ya Ziwa Rukwa pale Mbeya, kinaenea kwenye karatasi moja. Kabla kibali cha maji cha mgodi, kiwanda au shamba kubwa hakijatolewa, kibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kinachoguswa. Kiandikwe kwa Kiswahili na kwa ndoo. Kisome hivi: mto fulani, Oktoba na Novemba, ulipitisha kiasi hiki katika miaka mibaya. Wenye vibali tayari ni fulani na fulani, wanachukua kiasi hiki. Mwombaji anataka kiasi hiki. Kinabaki kiasi hiki. Na kama hakuna rula kwenye mto huo, basi rula iwekwe kwanza, isomwe kiangazi kadhaa, ndipo tuzungumze. Mto usiopimwa una maji mengi sana kwenye ripoti.

Na mwombaji akisema hawezi kufanya kazi kwa maji ya Novemba, ajenge bwawa lake avune ya Machi, yale yanayopita na magogo na kutuharibia madaraja. Fedha za kununua mitambo ya kusaga mlima mzima zipo. Za kuchimba bwawa zitapatikana pia.

Mhariri, nimesikia vituo vingi siku hizi vinasomwa na mashine inayotuma namba kwa simu. Ni maendeleo, mashine haiugui malaria. Kituo changu baada ya mimi kuondoka kilikaa bila mtu kwa muda, na masika moja rula mbili zikaenda na mafuriko. Lakini karatasi nilizokuwa napeleka ofisini nilikuwa nanakili kwanza kwenye madaftari yangu mwenyewe, yale ya kurasa 96, kwa sababu baba yangu alinifundisha kutomwamini mtu anayepokea karatasi bila kusaini. Yapo yote kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, nimeweka na majani ya mwarobaini kuzuia mchwa. Novemba zote 27 zimo, na zile sifuri 19.

Yeyote anayetengeneza ile picha ya duara anakaribishwa aje anakili bure. Ashukie Igurusi stendi, aulize kwa mzee wa rula, hata mtoto atamleta. Aje kabla ya Desemba. Baada ya hapo daraja letu huwa halipitiki.

Msoma kipimo mstaafu,
Igurusi, Mbarali